Nati Nane Kavu

Nyumbani walianza kumwita Injinia akiwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla hajajua vizuri tofauti ya msumari na skrubu. Jirani akiharibikiwa na feni, anakuja nayo kwapani na kuuliza mlangoni, "Injinia yupo?" Mama yake, fundi cherehani aliyegeuza sebule yote kuwa mahali pa kazi, hujibu bila kuinua mguu kwenye pedali, "Yupo anasoma, lakini iache hapo."

Feni zilirundikana chini ya meza ya kukatia vitambaa. Yeye alizitazama kama mgonjwa anavyotazama sindano. Angeweza kukueleza kwa kurasa mbili za hesabu kwa nini pangaboi linasukuma hewa. Kulifungua na kulirudisha likazunguka, hapo alikuwa sawa na wewe na mimi. Lakini hakusema. Aliinua feni, akaitikisa sikioni, akatamka, "Koili imekwisha," na jirani akaondoka ameridhika, maana ugonjwa wenye jina ni nusu ya kupona.

Nataka uijue tabia hiyo mapema, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha pabaya. Hakuwa mwongo. Alikuwa ametoka kwenye madarasa ambayo anayesema "sijui" huambiwa akae chini na wenzake wakacheka, na tangu utotoni alikuwa amegundua kwamba kutikisa kichwa kama aliyeelewa ni rahisi kuliko kuuliza. Ukitikisa kichwa, mwalimu anaendelea mbele, na wewe jioni unatafuta kitabuni. Njia hiyo ilimfaa shule ya msingi, ikamfaa sekondari, ikamvusha hadi mwaka wa nne wa uhandisi wa ndege, akiwa wa kwanza katika darasa la watu thelathini na tisa.

Katika miaka hiyo minne alikuwa ameigusa ndege halisi mara mbili, zote kwa ziara ya darasa, zote akiwa amevaa viatu vizuri.

Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Bila hizo hakuna kuhitimu. Yeye alipangiwa karakana ya ndege ndogo nje ya mji, kwenye uwanja wenye njia moja ya kurukia na bati refu la karakana lililopakwa rangi nyeupe. Ndege zenyewe zilikuwa za viti kumi na viwili, zinazopeleka watu na mizigo midogo kwenye miji ambayo barabara zake hazina adabu.

Siku ya kwanza aliambiwa alete spana ya nusu inchi. Akaleta nyingine. Akarudishwa, akaleta nyingine tena, nayo siyo. Mafundi hawakumtukana. Walimbatiza tu jina, Profesa, na kuanzia hapo ikawa, "Profesa, shika taa," "Profesa, sogeza ndoo," kwa upole ambao ulimuuma kuliko tusi. Kwa hiyo alikuwa na majina mawili makubwa, moja la nyumbani na moja la kazini, na hakuna hata moja lililomtosha.

Aliyemsimamia ni fundi mkuu, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, waliyemwita Kimya. Alisema maneno machache, tena kwa sauti ya chini, kama anayezungumza msikitini au kanisani. Mafundi wenzake walikuwa na utani wao: kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huu wa kwetu tunausubiri mwaka wa ishirini sasa. Kimya alimfundisha kwa kumwonyesha. Alifanya mara moja, akakabidhi chombo, akasimama pembeni. Kama umekosea, alikohoa.

Mpaka wiki ya tano Profesa alikuwa amekoholewa sana, ila sasa mikono yake ilianza kuzoea. Alijua spana kwa uzito. Alijua kupangusa kila chombo na kukirudisha kwenye umbo lake ndani ya sanduku, ili kikikosekana kionekane. Jioni alirudi nyumbani na kucha nyeusi, na mama yake akamkataza kugusa kitambaa chochote cheupe.

Ijumaa ya wiki hiyo walikuwa wakibadilisha tairi. Gurudumu la ndege kama ile halifanani na la gari. Lenyewe ni vipande viwili, kama sahani mbili zilizofunikana, tairi likiwa katikati, na kinachozishika zisiachane ni bolti nane na nati zake. Ndege ikitua, uzito wake wote unashuka kwenye magurudumu hayo kwa kishindo. Ukikaza nati kidogo mno, vipande vinacheza. Ukikaza kupita kiasi, bolti inavutika ndani kwa ndani kama mpira wa nywele uliochoka, na siku moja inakatika bila kuaga.

Kimya alisimama upande wa pili wa meza. Alimkabidhi spana ya kipimo, ile inayolia *tak* nguvu ikifika mahali pake, akiwa ameshaipanga mwenyewe. Akafungua mdomo kumwambia kitu. Wakati huo huo mtu akawasha mashine ya upepo nyuma yao, na karakana nzima ikajaa mngurumo. Profesa aliona midomo ya fundi ikisogea. Aliona nyusi zikiinuka mwishoni, jinsi zinavyoinuka mtu akiuliza, umesikia?

Akatikisa kichwa.

Kimya akamtazama kidogo. Kisha akaitwa ofisini kupokea simu, akaondoka.

Alianza kazi. Nati mbili za kwanza zilikuwa ngumu, zikapiga kelele ya chuma kwa chuma iliyomsisimua meno. Kopo la mafuta lilikuwa pale pale mezani. Kwa wiki tano alikuwa amewaona mafundi wakitia tone la mafuta kwenye bawaba, kwenye mnyororo, kwenye kila kilicholalamika. Akazilegeza zile mbili, akatia tone moja kwenye kila bolti, zote nane, akalisambaza kwa kidole. Nati ziliingia kama siagi. Akakaza kwa mpangilio wa msalaba kama alivyofundishwa, na spana ikalia *tak*, mara nane. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoifanya peke yake mwanzo mpaka mwisho, na moyo wake ulijaa.

Kimya aliporudi aliijaribu kila nati kwa spana ile ile. Zote zililia. Akachukua kadi ya kazi, akagonga muhuri wake. Gurudumu likafungwa kwenye ndege, na ndege ikapangiwa kupumzika hadi Jumapili saa kumi alasiri, ambapo ingechukua abiria kumi na mmoja.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa kuandika ripoti ya mafunzo. Chuo kilitaka kila kazi iambatane na nadharia yake. Kwenye kazi ya gurudumu hakuhangaika. Kanuni ya kukaza bolti aliijua tangu mwaka wa pili, alipata alama zote. Inasema kwamba nguvu ya mkono inayoikaza nati haifiki yote kwenye bolti. Sehemu kubwa huliwa na msuguano wa meno ya chuma, na kiasi kinacholiwa kinategemea namba moja ndogo inayowekwa kwenye hesabu. Kwenye mtihani namba ile hutolewa. Unaandikiwa tu: *chukua sifuri nukta mbili*.

Aliandika sifuri nukta mbili. Kisha, kwa kuwa alipenda ripoti zake ziwe kamili, akaongeza kwa mabano: kwa chuma kikavu. Na kwa chuma chenye mafuta, sifuri nukta kumi na tano.

Kalamu ikasimama.

Alikitazama kidole chake cha shahada. Akagawa namba moja kwa nyingine pembeni mwa karatasi. Theluthi moja zaidi ndiyo iliyoivuta kila bolti. Spana ililia pale pale ilipopangwa kulia, kwa sababu spana inapima jasho la mkono, haijui bolti inasikia nini. Na sasa, siku mbili baadaye, midomo ya Kimya ilimjia usoni waziwazi, na neno lililokuwa likiundwa na midomo ile likasomeka kama limeandikwa ubaoni. *Kavu. Nati ziende kavu.*

Akajiambia theluthi moja si kifo, waliotengeneza bolti ni watu wazima, waliacha nafasi. Halafu akajiuliza bolti zile zina umri gani, zimefunguliwa na kufungwa mara ngapi, na nafasi iliyoachwa imeshaliwa kiasi gani. Hakujua. Akajiambia labda alikumbuka vibaya, labda lile tone lilikuwa kwenye kazi nyingine. Lakini kidole kilikumbuka. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika arobaini.

Mama yake alizima cherehani. Hiyo peke yake ilikuwa habari, maana Jumapili ndiyo siku ya kumalizia nguo za watu.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Nimekuzaa mimi. Una nini?"

Akamweleza, kwa kurukaruka, mafuta kwanza, kisha gurudumu, kisha saa kumi. Mama hakuelewa hesabu, lakini alielewa uso.

"Umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

"Mimi nashona magauni. Unaniambia ili nifanye nini? Waambie wenye ndege."

"Mama, kama nimekosea kukumbuka, nitaonekana mwendawazimu. Kama nimekumbuka sawa, watanifukuza. Zimebaki wiki tatu tu."

"Mficha uchi hazai," alisema mama, akaanza kumtafutia viatu.

Simu ya Kimya ilikuwa imezimwa. Jumapili huwa anaizima, kila mtu karakana alijua. Simu ya ofisi iliita mpaka ikachoka. Kaka yake alikuwa uani akiosha gari la mikate analoendesha kwa mwajiri wake. Hakumaliza. Walitoka na povu bado limeganda kwenye kioo cha nyuma.

Njiani alijaribu sentensi za kusema akifika. Ya kwanza ilianza na mashine ya upepo: kulikuwa na kelele. Ya pili ilianza na sauti ya Kimya: fundi anaongea chini sana. Zote mbili zilikuwa kweli na zote mbili zilimtia kichefuchefu. Makreti matupu yaligongana nyuma kila waliporuka tuta.

"Kwa hiyo," alisema kaka yake, "miaka minne wamewafundisha ndege inarukaje, hawakuwafundisha kukaza nati?"

"Walitufundisha. Kwa karatasi."

"Basi siku moja mrushe karatasi."

Hakucheka. Kaka yake akamwangalia, akaacha utani, akakanyaga mafuta.

Walifika langoni saa nane na nusu. Kitambulisho alikuwa amekisahau mezani, juu ya ripoti. Mlinzi alikuwa mgeni kwake, wa zamu ya Jumapili.

"Wanafunzi hawapo kazini leo," alisema mlinzi.

"Najua, baba. Lakini kuna ndege ya saa kumi. Isiruke."

Hakufikiri maneno hayo yanasikikaje langoni mwa uwanja wa ndege. Mlinzi alirudi hatua moja nyuma, mkono ukaenda kwenye redio. Dakika mbili baadaye Profesa alikuwa ameketishwa kwenye kibanda cha ukaguzi, mkoba wake umemwagwa mezani, na mlinzi wa pili amesimama mlangoni. Waliuliza ndege ina nini. Akasema gurudumu. Wakauliza nani kaweka. Akasema mimi. Kila jibu lilizidi kumzamisha. Nje alimsikia kaka yake akibishana kwa heshima zote alizonazo: "Wazee wangu, huyu ni dada yangu, ni mwanafunzi, hata mende anamkimbia. Mwiteni mtu wa karakana."

Saa ya kibandani ilikuwa juu ya mlango, kubwa, yenye mshale wa sekunde unaoruka. Saa tisa kasorobo. Saa tisa. Kupitia dirishani aliiona ndege imeshatolewa nje ya bati, mlango uko wazi, na mtu anapakia mabegi. Aliomba walinzi waharakishe, akaambiwa atulie.

Saa tisa na dakika kumi aliingia Mkaguzi. Huyu ni mama ambaye hakuna ndege inayotoka karakana bila sahihi yake ya mwisho, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, faili kwapani hata Jumapili. Mafundi wakimwona wanasimamisha utani katikati ya neno. Profesa hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo.

"Wewe ndiye Profesa."

"Ndiyo, mama."

"Sema."

Zile sentensi mbili za garini zilikuja zote mdomoni. Akazimeza. "Ijumaa nilikaza nati za gurudumu la kulia. Nilitia mafuta kwenye bolti zote nane. Fundi aliniambia ziwe kavu, sikumsikia, nikatikisa kichwa."

Mkaguzi alivaa miwani. "Una hakika?"

"Kwamba nilitia mafuta, nina hakika. Kama bolti zimeumia, sina hakika."

"Andika hayo hapa. Hivyo hivyo, usiongeze." Alimsukumia karatasi. Wakati yeye anaandika, Mkaguzi alichukua redio ya mlinzi na kusema ndege irudishwe ndani.

Kilichofuata kilichukua saa mbili, na alikiona chote. Mabegi yalishushwa. Rubani alikuja, akatazama saa yake, akatazama gurudumu, akamtazama yeye, akaenda zake kuzungumza na abiria. Ndege ikanyanyuliwa kwa jeki. Upepo ukatolewa kwenye tairi kwanza, kisha nati zikafunguliwa moja moja. Meno ya bolti yaling'aa kwa mafuta chini ya taa. Aliona aibu na, jambo la ajabu, aliona pia nafuu kidogo, kwamba hakuwa mwendawazimu.

Mkaguzi alizipima bolti kwa kipimo chembamba, akazitia dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, akasubiri, akazitazama kwa kioo cha kukuza. Kisha akazikusanya zote nane na kuzitupa kwenye pipa la vyuma visivyotumika tena.

"Zilikuwa mbaya?" aliuliza Profesa.

"Sijui."

Alilisema neno hilo kama mtu anavyosema ni saa ngapi. Profesa alidhani kuna zaidi.

"Hazina ufa ninaouona," Mkaguzi aliendelea. "Pengine zingetua mara mia. Sijui, na sitaki watu kumi na mmoja wanisaidie kujua."

Stoo ilikuwa na bolti mpya tano tu. Safari ikaahirishwa hadi kesho yake mchana. Kutoka chumba cha kusubiria, kupitia ukuta mwembamba, ilisikika sauti ya mwanamke akimweleza rubani kwamba baba yake amelazwa huko anakokwenda, kwamba wamempigia waje upesi. Hakupaza sauti. Alirudia tu, mara tatu, "Lakini mliniambia saa kumi." Profesa alisikia yote. Hakuwahi kujua yule mzee aliishia vipi, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililomwamsha alfajiri, wala si bolti.

Jumatatu Kimya alipokonywa muhuri kwa siku thelathini, akisubiri uchunguzi. Kosa lilikuwa lake kisheria: aligonga muhuri kwenye kazi ambayo hakuiona ikifanyika. Wakampeleka stoo kupanga nati na bolti kwenye visanduku. Mwenye kampuni alitaka mwanafunzi aondoke siku hiyo hiyo. Mkaguzi alisema akiondoka, mwingine yeyote atakayekosea hapa atafyata ulimi. Akaachwa, lakini bila kugusa ndege, kazi yake iwe kuandika kumbukumbu tu.

Ilimchukua siku tatu kupata ujasiri wa kwenda stoo. Alipika maneno, yakaungua, akapika mengine. Mwisho akaenda mikono mitupu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Kimya alikuwa amepinda juu ya trei, anachambua nati kwa ukubwa.

"Nimekuharibia kazi. Naomba unisamehe."

"Muhuri ni wangu. Niliugonga kwa mkono wangu."

"Lakini ni mimi niliyetia mafuta."

Kimya akaendelea kuchambua. Profesa akadhani mazungumzo yamekwisha, akageuka kuondoka.

"Ulipotikisa kichwa," Kimya alisema, "ulikuwa umenisikia?"

"Hapana, fundi."

"Niliona kwamba hukunisikia."

Profesa akasimama.

"Niliona," alirudia. "Nikasema, atauliza. Halafu wakaniita kwenye simu." Akaweka nati kwenye kisanduku chake. "Kwa hilo sijisamehe mimi mwenyewe. Wewe nenda kaandike kumbukumbu zako."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia kutoka kwake.

Chuoni, mwalimu msimamizi wake, mtu mwema aliyempenda kwa alama zake, alisoma ripoti akiwa na kalamu nyekundu. Alipofika sura ya tano akaivua miwani.

"Hii itoe."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Wasahihishaji ni watatu, na mmoja wao anatafuta pa kushika. Andika ulichojifunza, usiandike ulichoharibu. Wewe ndiye wa kwanza darasani, binti yangu. Usijivue nguo sokoni."

"Ni kitu kimoja, mwalimu. Sikujifunza kitu kingine huko."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Nikiitoa nitaogopa zaidi, maana nitakuwa nimetikisa kichwa tena."

Mwalimu hakuelewa hiyo ya kichwa, lakini akairudisha ripoti bila kuikata.

Siku ya kuitetea, chumba kilikuwa na feni inayokwaruza na wasahihishaji watatu nyuma ya meza ndefu. Alieleza kazi zake. Kwenye sura ya tano akanywa maji kwanza, akaendelea. Yule anayetafuta pa kushika akaegemea mbele.

"Miaka minne. Vitabu, maabara, walimu. Nini kilikosekana, mpaka ukatia mafuta pasipotiwa?"

"Namba niliijua," alisema. "Ningeweza kuwaandikia sasa hivi. Sikujua kwamba namba ile ndiyo lile tone lililokuwa kwenye kidole changu. Kwenye mtihani tunapewa. Hakuna aliyewahi kutuambia tukaitafute kwenye chuma."

"Kwa hiyo lawama ni ya chuo."

"Hapana. Nilikuwa na mdomo, ningeuliza. Lakini nami sikuwa nimefundishwa kwamba kuuliza nako kunaleta alama. Tangu mwaka wa kwanza, anayesema hajaelewa ndiye anayechekwa. Tupeni gurudumu la zamani mwaka wa pili, tulifungue na kulifunga mpaka tulichoke. Tupeni kadi za kazi tuzisome, tuone muhuri wa mtu unamaanisha nini. Na mara moja moja mtuulize jambo ambalo hamjatufundisha, anayesema sijui apewe alama yake, anayebahatisha akose."

Msahihishaji mmoja alicheka. Wa pili aliandika kitu. Aliyeuliza hakucheka wala hakuandika. Alimshukuru, akaita jina lililofuata kwenye orodha.

Majibu yalichukua wiki tatu kutoka. Katika wiki hizo hakula vizuri. Alizirudisha feni zote kwa wenyewe, moja baada ya nyingine, akisema, "Sijui kuitengeneza hii, itafutie fundi wa umeme." Jirani mmoja aliudhika, akamwambia mama mtu kwamba chuo siku hizi hakina maana. Mama akamjibu kwamba hata daktari wa macho hang'oi meno.

Alifaulu. Mafunzo kwa vitendo alipata alama ya wastani, ikamshusha kutoka wa kwanza hadi wa nne, na ufadhili wa kuendelea na masomo, anaopewa wa kwanza, ukaenda kwa mwingine. Kimya alirudishiwa muhuri baada ya siku arobaini, kwa kuwa uchunguzi ulichelewa. Kampuni haikumwajiri mwanafunzi wake, wala yeye hakuomba. Idara haikubadilisha mtaala mwaka ule, ila yule msahihishaji aliyeandika alianza kumleta fundi chuoni kila Alhamisi asubuhi. Wanafunzi walilalamika kwamba yale mambo hayaji kwenye mtihani.

Yeye alipata kazi mbali, kwenye karakana ya ndege za kunyunyizia dawa mashambani, ndege za mtu mmoja, ngumu, chafu, zenye harufu inayoganda kwenye nywele. Walimwanzisha kwenye kumbukumbu. Mwaka wa pili wakamruhusu kushika spana. Alijulikana haraka kwa usumbufu. Ukimpa maelekezo anakurudishia kwa maneno yake mwenyewe, halafu anakuuliza kama ndivyo. Mafundi wengine walimwita Rudia. Hakujali, jina hilo walau lilikuwa la kweli. Lakini woga haukumtoka. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alipitia kichwani kazi zote za wiki, bolti kwa bolti, mpaka zilipoisha.

Mwaka wa nne alifanya mitihani ya leseni, akapewa muhuri wake mwenyewe, mdogo, mpini wa plastiki ya bluu. Kazi ya kwanza aliyoigongea muhuri huo ilikuwa ya breki na usukani wa mkia. Aliikagua mara tatu. Rubani, mtu mwenye maneno mengi, alikuwa ameshakaa ndani akimwuliza kama anataka pia kuhesabu meno yake. Akagonga muhuri, wino ukatoka umepinda kidogo. Ndege ikaruka saa mbili asubuhi.

Alibaki karibu na redio ya ofisini. Aliletewa chai, ikapoa. Katibu alimwambia hakuna haja ya kusimama, habari itakuja yenyewe. Akasema anajua, akaendelea kusimama. Saa tatu na robo sauti ya rubani ikasikika ikilalamikia vumbi, ikasema ametua, aandaliwe dawa nyingine.

Akaenda kunawa mikono, akaanza kazi ya ndege ya pili.